Lidoli la Dukani Nalo Lina Historia

Wanachuo wenzangu, mada ya leo itawachekesha, ila naomba mcheke huku mnasoma. Nataka kuyatetea madoli ya matangazo: yale makubwa ya plastiki, mbao au karatasi ngumu ambayo kampuni huwapa wenye maduka wayasimamishe mlangoni ili wateja wasogee. Mimi nayakusanya. Ninayo matatu hosteli, na jamaa ninaokaa nao chumba kimoja wanalalamika eti usiku yanawakodolea macho.

Swali ninaloulizwa kila siku ni hili: boom lenyewe halitoshi, wewe unanunuaje takataka? Jibu langu linaanzia kwetu Mwamapalala, mkoani Simiyu.

Kwa sisi Wasukuma, sanamu kubwa ya kuvuta watu haikuletwa na soda wala dawa ya meno. Tangu karne ya 19 vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikishindana baada ya mavuno, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyekusanya watu wengi zaidi. Ndiyo maana kila upande hutafuta kitu cha kuteka macho ya watazamaji wa mwenzake. Huyu akileta chatu, yule analeta sanamu ya mbao yenye mikono inayochezeshwa. Aisee, kama hilo si tangazo ni nini? Mwenye duka anayesimamisha lidoli mlangoni msimu wa pamba, hela inapoingia kijijini, anafanya kazi ileile.

Na wala si huku tu vitu hivi vina thamani. Yule mtu wa matairi wa Michelin alichorwa mwaka 1898, na sanamu zake za zamani leo zina wanunuzi Ulaya. Yule mbwa anayesikiliza santuri, nembo ya His Master's Voice, alitengenezewa sanamu za kuwekwa madukani, nazo zinatafutwa mpaka leo. Ni kampuni hiyohiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928.

Wapo wanaonibishia: lidoli ni mali ya kampuni, utamaduni wetu uko wapi hapo? Ni kweli limetoka kiwandani. Lakini likishakaa mlangoni miaka ishirini, si la kampuni tena. Watoto wanalipa jina. Abiria anamwambia bodaboda, "Nishushe pale kwenye lidoli." Rangi ikichujuka kwa jua, mwenye duka analipaka ile iliyobaki alipopaka mlango wake. Historia ya maduka ya vijijini haijaandikwa na mtu, na madaftari ya mikopo yameliwa na mchwa. Lidoli limebaki shahidi.

Sasa ndiyo nafika kwenye kinachoniuma. Likizo iliyopita nilimkuta mayu mmoja, mjane anayeendesha duka aliloachiwa na mumewe, akishukuru kwamba kijana wa pikipiki amemwondolea "ule uchafu" mlangoni na kumpa hela ya soda mbili. Lidoli lilikuwa na umri kuliko mimi. Huenda limesagwa na watu wa plastiki chakavu, huenda limeuzwa mjini kwa bei nono. Vyovyote iwavyo, yule mama hakuambiwa anauza nini.

Msimamo wangu ni huu: anayejua thamani ya kitu akakinunua kwa asiyejua, akanyamaza, huyo si mkusanyaji, ni mjanja tu. Sanamu ngapi za Kiafrika zimekaa kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya na Marekani zikiwa na jina la kabila tu, bila jina la aliyechonga? Zilianza safari kwa ukimya wa namna hiyo. Tusiwafanyie wazee wetu tulichofanyiwa.

Kwa hiyo nina masharti yangu. Kwanza, mwambie mwenye duka ukweli kwamba kuna watu wanalipa kwa ajili ya kitu hiki, kisha mpatane. Pili, andika lilitoka duka gani, lilikuja lini, watoto waliliitaje. Bila maelezo hayo umebeba plastiki tu. Tatu, kama bado linavuta wateja, liache hapo hapo, piga picha, uage kwa adabu.

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yameonyesha kwamba ngoma, viti na vyungu vya watu wa kawaida vinastahili kutunzwa. Serikali yetu ya wanafunzi haikosi kabati moja tupu. Mimi natoa madoli yangu matatu na daftari lake. Wewe unayekwenda likizo Maswa, Tandahimba au Mpanda, kabla hujaingia ndani kusalimia, hebu tazama mlango wa duka la jirani. Ukikuta limesimama hapo, muulize mwenye duka lilikujaje. Atakuwa na mengi ya kusema, maana hajawahi kuulizwa.