Ameshaanza Kutembea?

Mtu akiumia, hilo ndilo swali la kwanza la mashangazi zetu kwenye simu. Nia ni njema, lakini swali lenyewe linachosha.

Mcheki Jack Jablonski wa Minnesota. Desemba 2011, akiwa na miaka 16, aligongwa kwa nyuma kwenye mechi ya hoki ya barafuni, akajibamiza ukutani. Uti wa mgongo ukaumia vibaya. Anatamani kutembea, ndiyo maana taasisi yake inachangisha pesa za utafiti. Ila hakusubiri miguu ndiyo aanze kuishi: alisoma chuo Los Angeles, akapata kazi kwenye timu ya Los Angeles Kings.

Kwangu mimi, huko nako ni kupona. Kwa hiyo tubadilishe swali: "Siku hizi unafanya nini, ndugu yangu?"