BREKA KUBWA, WAYA MDOGO

Ndugu mafundi wa stima,

Msimamizi wa namna hii mnamjua. Breka kuu ikikata mara mbili kwa siku, haulizi sababu. Aamuru ya ampia 60 itolewe, iwekwe ya 100, kazi iendelee. Na wengine wetu, tusifichane, tumetii.

Lakini waya uletao stima kwenye bodi ni ule ule wa milimita 16 za mraba. Waya huo wa shaba ndani ya paipu ukutani huchukua ampia 76 hivi; kwa fezi tatu, 68 tu. Mashine zikivuta 90, breka mpya itanyamaza, na ganda la plastiki litaiva polepole asipoona mtu.

Breka ni askari wa waya, si mtumishi wa mashine! Atakaye ampia 100 za fezi tatu anunue waya wa milimita 35, na kinga ya kule waya unakoanzia ilingane nao. "Shaba ghali," husema. Karakana ikiungua ataulizwa aliyekaza skurubu. Basi tudai amri hiyo kwa maandishi na sahihi yake. Akikataa, ya 60 ibaki.