Nyayo za Jumba Lililouzwa Jiwe kwa Jiwe



Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika na kuyatunza yaliyoandikwa. Kwa hiyo methali hii naipenda kuliko nyingi nyingine. Walakini juma hili nataka kuwasimulia habari za mali iliyokuwa na madaftari tele, tena ya watu wenye elimu na mawakili, na juu ya hayo yote sehemu yake kubwa ikapotea. Ni habari za ukoo wa Child wa Uingereza na jumba lao la Wanstead. Tutazifuata kama mchungaji afuatavyo nyayo za ng'ombe aliyepotea: ataanza pale zinapoonekana wazi, kisha aendelee hatua kwa hatua.

Wanstead ilikuwa kijiji cha Essex, upande wa mashariki wa London, na siku hizi mji umekwisha kukimeza. Mgeni afikaye huko ataona nguzo mbili za mawe za lango kubwa, na katika nguzo hizo herufi za jina la mtu zilizochongwa na kusokotana. Akiingia ndani ataona miti, mabwawa, uwanja wa gofu, na watu wanaotembea kwa raha zao. Lakini jumba ambalo lango hilo lilijengwa kwa ajili yake hataliona. Basi swali la kwanza la mtafutaji ni hili: herufi zile ni za nani?

Jibu linaanzia kanisani. Tangu mwaka 1538 kila parokia ya Uingereza iliamriwa kuandika kitabuni ubatizo, ndoa na maziko ya watu wake. Ndiyo maana hata mkulima wa kawaida wa huko huweza kumtafuta babu wa babu yake. Na katika kanisa la Mtakatifu Maria, Wanstead, limo kaburi la fahari lenye sanamu ya Sir Josiah Child, aliyefariki mwaka 1699. Yeye ndiye shina la ukoo huu.

Josiah hakuzaliwa katika nyumba ya wenye ardhi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa London. Yeye mwenyewe alipata mali kwanza kwa kuziuzia manowari za Serikali mahitaji yao, kisha kwa hisa zake katika Kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara na Bara Hindi, hata akawa mkuu wa Kampuni hiyo. Katika miaka ya 1670 aliinunua Wanstead. Bwana mmoja jina lake John Evelyn, aliyekuwa na desturi ya kuandika mambo ya kila siku, alifika huko mwaka 1683, akaandika jinsi Child alivyotumia fedha nyingi mno kupanda miti ya jozi na kuchimba mabwawa ya samaki mahali pasipo na rutuba. Wakulima watanielewa hapa. Mtu apandaye mti ukubwani hapandi kwa ajili ya kivuli chake mwenyewe. Anapanda kwa ajili ya wajukuu.

Baadaye urithi ulimfikia mwanawe, Richard. Huyu alimwita mjenzi stadi, Colen Campbell, amjengee jumba jipya. Michoro yake ilichapishwa katika kitabu cha Campbell cha mwaka 1715, nayo yatuonyesha jumba la mawe ambalo uso wake ulikuwa na urefu wa futi zipatazo 260, na mbele yake baraza yenye nguzo sita ndefu. Wajenzi wengine wa Uingereza waliliiga. Mchoraji mashuhuri William Hogarth akaichora jamaa hiyo imekusanyika na wageni wake ukumbini, na picha hiyo imehifadhiwa huko Philadelphia, Marekani. Mwaka 1731 Richard alipewa cheo cha Earl Tylney, na jina hilo la Tylney lilitoka kwa jamaa ya mke wake, ambayo nayo ilikuwa na ardhi nyingi. Basi fumbo la lango limefumbuka: Richard, Child, Tylney.

Sasa tazama jinsi mali ihamavyo. Mwana wa Richard alifariki mwaka 1784 huko Naples bila kuacha mtoto. Urithi ukaenda kwa mtoto wa dada yake, Sir James Long. Naye akafariki mwaka 1794, akaacha mtoto mchanga wa kiume. Na mtoto huyo akafa mwaka 1805. Hivyo mali yote ya Child, ya Tylney na ya Long ikakusanyika mikononi mwa msichana mmoja, Catherine, aliyezaliwa mwaka 1789.

Haihitaji kuelezwa kwamba wachumba walikuwa wengi. Hata mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la William wa Nne, alimposa. Catherine akamkataa, akamchagua kijana mtanashati, William Wellesley-Pole, mpwa wa yule jemadari Wellington. Walioana mwezi wa Machi, 1812.

Siku zile, kwa sheria ya Uingereza, mke alipoolewa mali yake ilikuwa chini ya mamlaka ya mumewe. Kwa sababu hiyo jamaa zenye mali ziliandika mkataba kabla ya arusi, zikaweka ardhi mikononi mwa wadhamini, ili mume ale matunda yake maisha yake yote lakini asiweze kuunyima uzao urithi wake. Mkataba wa namna hiyo uliandikwa kwa ajili ya Catherine. Mume alikula matunda, akala na zaidi ya matunda. Karamu, farasi, uchaguzi wa Bunge, na wanawake wa nje. Na kila palipopungua alikopa. Wenyeji wa Pwani husema, Kukopa arusi, kulipa matanga. Mwaka 1822 wadai walimbana hata akatafuta kazi katika nyumba ya Mfalme, kwa maana mtumishi wa Mfalme hakuweza kukamatwa kwa ajili ya deni. Kisha akakimbilia ng'ambo.

Mwezi wa Juni mwaka huo mnada ukafunguliwa ndani ya jumba lenyewe. Ulichukua siku 32. Fikiri, ndugu msomaji: siku 32 za nyundo ya dalali, na watu wakipita chumba kwa chumba kutazama vitanda, mapazia, picha, sanamu na vitabu vya jamaa ya mtu! Vyombo vilipokwisha, nyumba tupu haikupata mnunuzi wa kukaa ndani yake. Ikauzwa kwa pauni 10,000 kwa wabomoaji, waliotaka mawe, mbao na risasi ya mapaa. Jumba lililosimama miaka mia moja tu likashushwa jiwe kwa jiwe na kuchukuliwa kwa magari.

Mwaka 1825 Catherine naye akafariki, umri wake miaka 35. Kabla ya kufa alikuwa amewaomba dada zake wawatunze watoto wake watatu, wasirudi kwa baba yao. Baba akaenda mahakamani kuwadai. Mwaka 1827 hakimu mkuu, Lord Eldon, alikataa kumpa, kwa sababu ya mwenendo wake. Na mwaka uliofuata Baraza la Malodi likaithibitisha hukumu hiyo. Kesi hii ikawa mashuhuri kwa mawakili, kwa kuwa siku zile haki ya baba juu ya watoto wake haikuguswa kwa urahisi. Mwenyewe alikufa mwaka 1857 katika chumba cha kupanga, London, hali yake ikiwa duni. Bustani ya Wanstead hatimaye ilinunuliwa na Halmashauri ya Jiji la London, na mwaka 1882 ikafunguliwa kwa watu wote.

Basi, turudi kwenye methali yetu. Tukiangalia vizuri tutaona kwamba yale yaliyolindwa na maandishi, mengi yalisalia. Ardhi iliyofungwa kwa mkataba haikuliwa na wadai. Watoto waliokolewa na hukumu iliyoandikwa. Lakini jumba halikuwa na kinga yenye nguvu kuliko tabia ya mtu mmoja, nalo likaenda. Tena ajabu nyingine: shahidi mmojawapo bora wa mambo yaliyokuwamo ndani ya vyumba vile ni orodha iliyochapishwa kwa ajili ya mnada. Daftari la maziko ya nyumba ndilo linalotuonyesha uhai wake.

Wengi wetu hatuna majumba yenye nguzo sita. Lakini tuna mashamba, tuna mipaka, tuna miti iliyopandwa na watu ambao majina yao yanajulikana kwa mzee mmoja tu, naye anakohoa usiku. Mtu atakaye kuutafuta ukoo wake na afanye kama tulivyofanya hapa. Aanze na kionekanacho: kaburi, mti, jiwe la mpaka, jina la mto. Amwulize mzee, aandike tarehe ya siku aliyoulizwa na maneno yake kama alivyosema. Kisha ayalinganishe na cheti cha ubatizo, na hati ya ardhi, na shauri la mahakama. Penye tofauti aandike habari zote mbili, asichague ile impendezayo.

Na yule mwenye hati sandukuni, kabla hajatia sahihi kwenye karatasi ya rehani, na aisome mpaka mwisho wake, kisha amwite mkewe na watoto wake wakubwa, aisome tena mbele yao. Josiah Child alipanda miti ya jozi kwa ajili ya wajukuu. Sahihi za mtu mmoja zilitosha kuwanyang'anya wajukuu hao nyumba yao katika muda wa miaka 10.

Kalamu na daftari si ghali. Jumapili hii, baada ya chakula, mwendee mzee wako ukaketi karibu naye.