Tarakilishi inayowaka bure yaweza kupandisha bei ya kila yuniti nyumbani

SWALI la iwapo tarakilishi ya nyumbani yafaa kuzimwa kila baada ya matumizi au kuachwa ikiwaka usiku na mchana limekuwapo tangu mitambo hii ilipoanza kuingia sebuleni mwetu.

Wapo wanaoshikilia kwamba kuizima na kuiwasha kila mara huichakaza, na kwamba umeme unaotumika kuiwasha ni mwingi kuliko ule unaookolewa inapozimwa. Wengine husema kifaa kisichotumika ni sharti kizimwe, basi.

Kwa familia inayonunua tokeni za stima kwa kubana matumizi, mjadala huu si wa mafundi pekee. Unagusa mfuko, na unagusa zaidi ya wengi wanavyodhani.

Tuanze na hesabu. Tarakilishi ya mezani ya kawaida, pamoja na skrini yake, yaweza kutumia takriban wati 60 ikiwa imewashwa bila kufanya kazi yoyote. Zipo zinazotumia chini ya hapo. Zipo pia zinazozidi, hasa zile za miaka mingi zilizoletwa nchini baada ya kutumika ng'ambo.

Tuchukulie kwamba mwenyewe huitumia kwa saa nane kila siku, kisha huiacha ikiwaka kwa saa 16 zilizosalia. Wati 60 kwa saa 16 ni karibu yuniti moja ya umeme. Kwa siku 30, ni yuniti 28.8.

Idadi hiyo yaweza kuonekana ndogo hadi uilinganishe na viwango vya bei. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilipoidhinisha bei mpya zilizoanza kutumika Aprili 1, 2023, kiwango nafuu zaidi kilitengewa wateja wa nyumbani wasiotumia zaidi ya yuniti 30 kwa mwezi. Awali, mpaka huo ulikuwa yuniti 100.

Kwa hivyo, tarakilishi moja isiyofanya lolote yaweza kumeza kwa mwezi umeme unaokaribia ule wote wa nyumba iliyo katika kundi la watu wa mapato ya chini: taa, redio, simu na runinga.

Isitoshe, mabadiliko hayo ya 2023 yaliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wa hadi yuniti 30, wa kati ya 31 na 100, na wanaozidi 100. Mteja huwekwa katika kundi kwa kutazama wastani wa matumizi yake ya miezi kadhaa, na kila kundi lina bei yake.

Chukua mfano wa nyumba inayotumia yuniti 80 kwa mwezi. Ikiongezewa yuniti 28.8 za tarakilishi inayowaka bure, inafika karibu yuniti 109. Hali hiyo ikiendelea, nyumba hiyo itavuka mpaka wa yuniti 100 na kuingia katika kundi la bei ya juu.

Hapo hasara haiishii kwenye zile yuniti za ziada. Hata umeme wa taa na wa pasi, ambao matumizi yake hayakubadilika, utanunuliwa kwa bei ya kundi jipya. Bandu bandu huisha gogo, na katika utaratibu huu mwenye gogo huenda asijue ni shoka gani linalolibandua, maana tokeni haimwelezi mteja ni kifaa kipi kilichotumia nini.

Sasa tuzitazame hoja za wanaotetea kuiacha ikiwaka.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuwasha hutumia umeme mwingi. Ni kweli kwamba mkondo wa umeme hupanda tarakilishi inapowashwa, lakini hali hiyo hudumu kwa muda mfupi mno. Hata kama mtambo ungetumia wati 150 kwa dakika mbili nzima za kujiandaa, kiasi hicho ni sawa na dakika tano tu za kukaa ukiwaka bure kwa wati 60.

Hoja ya pili ni ya uchakavu. Hii ilikuwa na uzito zaidi enzi za diski zinazozunguka, kwa kuwa kila mwasho uliziongezea kazi. Hata hivyo, diski nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kuhimili makumi ya maelfu ya miwasho. Diski ya kuhimili miwasho 40,000, ikiwashwa mara tano kila siku, ingechukua zaidi ya miaka 20 kufikia kikomo hicho. Mtambo wenyewe ungekuwa umepitwa na wakati kitambo.

Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka hazina tatizo hilo kamwe. Kwa upande mwingine, mtambo unaowaka daima huendelea kuzungusha feni, kuvuta vumbi na kuzalisha joto, na hayo pia ni uchakavu.

Wapo pia wanaodhani kwamba picha zinazochezacheza kwenye skrini mtambo unapoachwa huokoa umeme. La hasha. Zilibuniwa kuzilinda skrini za zamani zisibaki na alama za picha iliyokaa mahali pamoja muda mrefu. Mtambo unaoonyesha picha hizo ungali unafanya kazi.

Hoja iliyo na mashiko zaidi ni ya kitaifa. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, hasa kule Olkaria karibu na Naivasha. Usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, sehemu ya mvuke huo huachiliwa hewani bila kuzalisha umeme. Je, kuna ubaya gani kutumia umeme ambao ungepotea?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, bei nafuu ya usiku iliyoanzishwa Desemba 2017 ililenga viwanda na biashara kubwa. Mita ya nyumbani haikuwekewa unafuu huo. Yuniti ya saa tisa usiku hukatwa kwenye tokeni sawa na ya saa mbili usiku.

Pili, tarakilishi inayoachwa ikiwaka haisubiri usiku wa manane. Hupitia pia saa za jioni, taifa linapohitaji umeme mwingi zaidi na mitambo ya mafuta kutegemewa kujaza pengo. Gharama ya mafuta hayo hurudi kwa wateja wote kupitia ada inayoongezwa kwenye bei. Walioishi wakati wa mgao wa umeme wa 2000 na wa 2009, ukame ulipokausha mabwawa, hawahitaji kuelezwa thamani ya wati moja ya jioni.

Fauka ya hayo, umeme wetu hupotea ghafla na kurejea kwa kishindo. Mtambo ulioachwa ukiwaka bila mtu waweza kupoteza kazi isiyohifadhiwa, au kuunguzwa na umeme unaorejea ukiwa umepanda kupita kiasi. Uliochomolewa uko salama.

Hii si kusema kwamba kila anayenyanyuka kwenda kunywa chai azime kila kitu. Kwa mapumziko mafupi, hali ya usingizi yatosha. Tarakilishi iliyo katika hali hiyo hutumia takriban wati mbili. Kwa saa 16 kila siku, haifiki hata yuniti moja kwa mwezi. Mipangilio yake yaweza kuwekwa ili mtambo ulale wenyewe baada ya dakika 15.

Usiku unapofika, uzimwe kabisa, kisha swichi ya ukutani izimwe pia. Mwenye kazi ya lazima ya usiku, kama vile kupakua faili kubwa, aweza kuuamuru ujizime ukimaliza, na skrini izimwe tangu mwanzo.

Akiba yenyewe ni ipi? Tukichukua Sh25 kwa yuniti kama mfano, kuokoa yuniti 28 ni Sh700 kwa mwezi, au Sh8,400 kwa mwaka. Kwa nyumba iliyo karibu na mpaka wa kundi la bei, akiba ni zaidi ya hapo.

Wajibu huu haupaswi kuachiwa mteja peke yake. Anayeuza tarakilishi, mpya au iliyokwishatumika, amweleze mnunuzi inatumia wati ngapi. Nayo Kenya Power, inapomtumia mteja tokeni, yaweza kumjulisha amebakisha yuniti ngapi kabla ya kuvuka mpaka wa kundi lake. Mteja akijua hilo, hatahitaji kuhubiriwa kuhusu kuzima.