Roboti za sumo: mashindano ambayo Rusizi inaweza kuyaandaa bila kuingoja Kigali

Mwanafunzi wa Rusizi anayetaka kuona roboti zikishindana katika ngazi ya taifa hana budi kuuvuka msitu wa Nyungwe na kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Kigali. Huko ndiko timu za shule za Rwanda zimekuwa zikikutana katika ligi ya FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti zinazoundwa kwa vitofali vya plastiki. Ligi hiyo, iliyoasisiwa mwaka 1998 na shirika la FIRST la Marekani pamoja na kampuni ya LEGO ya Denmark, imewapa vijana wengi nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Hata hivyo, kwa wilaya iliyo mpakani, gharama yake haiishii kwenye nauli.

Kila msimu ligi huja na mada mpya, turubai jipya la kuchezea na seti mpya ya vifaa vya kazi ambazo roboti inapaswa kuzikamilisha. Msimu wa 2022 hadi 2023 mada ilikuwa nishati. Ule wa 2024 hadi 2025 ilikuwa bahari. Shule iliyopata msaada mwaka mmoja hujikuta mwaka unaofuata ikiwa na roboti, lakini haina uwanja wa kuichezeshea.

Hapo ndipo mieleka ya roboti, yaani sumo, inapostahili kuangaliwa upya. Mchezo huu ulianzia Japani, ambako kampuni ya Fujisoft imekuwa ikiandaa mashindano yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Roboti mbili huwekwa ndani ya ulingo wa duara, na inayosukumwa nje hushindwa raundi. Ulingo wa roboti ndogo una kipenyo cha sentimita 77, uso mweusi na ukingo mweupe. Seremala yeyote wa Kamembe anaweza kuukata kwa plaiwudi na kuupaka rangi, nao utatumika hadi mbao zioze. Roboti za vitofali huwa kubwa kuliko kipimo hicho cha kimataifa, kwa hiyo shule hukubaliana zenyewe kuhusu uzito, ukubwa na upana wa ulingo.

Wapo wanaoudharau mchezo huu wakidai kwamba ni kusukumana tu. Dharau hiyo haina msingi pale roboti inapojiendesha yenyewe bila rimoti. Lazima ijue ilipo na aliko mpinzani wake. Kihisi cha rangi kinachotazama chini hupima mwanga unaorudi kutoka sakafuni: mweusi hurudisha kidogo, mweupe hurudisha mwingi, na roboti ikiuona mweupe inapaswa kurudi nyuma mara moja. Kihisi kingine hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na kungoja mwangwi, kama afanyavyo popo, ili kumtafuta mpinzani. Programu iliyopimwa asubuhi darasani inaweza kushindwa mchana jua linapopenya dirishani, kwa sababu namba za mwanga zimebadilika. Hakuna kitabu kinachomfundisha mwanafunzi jambo hilo kwa haraka kama kuitazama roboti yake ikitoka ulingoni yenyewe, bila hata kuguswa.

Nguvu nayo ina hesabu yake. Mota yenye kasi kubwa haishindi ikiwa matairi yanateleza. Gia ya kupunguza mwendo huongeza nguvu ya kusukuma, na uzito ukikaa juu ya magurudumu yanayoendeshwa, mshiko huongezeka. Roboti ndefu hupinduka. Yenye kabari ya mbele iliyo karibu na sakafu humwinua mwenzake, na aliyeinuliwa hupoteza mshiko. Haya yote yamo katika fizikia ya sekondari.

Suala la lugha halipaswi kusahaulika. Kiswahili, kinachosikika kila siku katika biashara kati ya Kamembe na Bukavu, kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ingawa masomo ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Programu ya Scratch, ambayo haina malipo na inafuata mtindo uleule wa kupanga amri kwa vipande vya rangi, inapatikana kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kuanzia hapo, kabla shule yake haijapata hata kitofali kimoja.

Ni kweli sumo ina upungufu. FIRST LEGO League humtaka mwanafunzi afanye utafiti juu ya tatizo la jamii yake na kuueleza mbele ya waamuzi. Sumo haimtaki aseme neno. Waandaaji wanaweza kuliziba pengo hilo kwa kuitaka kila timu ieleze programu yake kabla ya pambano, na kutoa alama kwa maelezo hayo.

Vifaa navyo si lazima viwe vipya. LEGO ilisitisha bidhaa zake za Mindstorms mwishoni mwa 2022, na shule zenye seti za EV3 zilianza kuziona kama zilizopitwa na wakati. Kwa ulingo wa sumo, seti hizo bado zinafaa, mradi betri zake zinashika chaji na kuna mwalimu mwenye ufunguo wa kabati.