Barua ya Bwana Shamba: Je, Kongo Itatumeza?

Ndugu msomaji,

Siku moja tulikuwa tukipepeta alizeti hapa kwetu Singida. Mzee mmoja akaniuliza: "Bwana Shamba, Kongo imeingia katika Jumuiya yetu. Nchi ile ni kubwa mno. Haitatumeza?"

Ni swali zuri. Tulijadiliana.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata uanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai, 2022. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania. Lakini katika Bunge la Jumuiya, kule Arusha, kila nchi huchagua wabunge 9. Kongo huchagua 9. Rwanda, iliyo ndogo, huchagua 9. Wakuu wa nchi nao huamua kwa kukubaliana wote. Kwa hiyo ukubwa peke yake haummezi mtu.

Faida ni soko. Watu wa Kongo ni wengi, nao wanakula vitunguu kama sisi. Nchi za Jumuiya zimekubaliana kuondoleana ushuru wa forodha, yaani kodi ya mpakani, kwa mazao na bidhaa zao wenyewe.

Lakini mlango ni wa kuingia na kutoka. Kongo inalima michikichi. Mafuta yake ya mawese yakija kwa wingi, yatashindana na alizeti yetu. Tusilale. Tupande mbegu bora, tukamue mafuta safi.

Hatari kubwa zaidi ni ugomvi. Jumuiya ya kwanza iliundwa mwaka 1967, ikavunjika 1977. Sababu moja ilikuwa mabishano juu ya mgawanyo wa faida. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliteka miji ya Goma na Bukavu. Kongo inasema Rwanda inawasaidia, Rwanda inakana. Zote mbili ni wanachama. Lori la vitunguu halipiti penye risasi.

Mimi naona ni heri Kongo iwe ndani. Kati ya Kigoma na Kongo ni ziwa tu. Jirani hahami. Afadhali tubishane naye barazani.

Lakini soko la mbali halimsaidii anayeuza lumbesa. Gunia lililojazwa kupita kiasi humpa mchuuzi vitunguu vya bure. Tuuze kwa mizani. Tuuze kwa ushirika.

Maswali ya kujadili:
1. Kijijini kwenu vitunguu huuzwa kwa mizani au kwa lumbesa? Nani anafaidika?
2. Mtafanya nini ili alizeti yenu ishindane na mawese?

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu