Picha za Mirihi Si Ushahidi wa Uhai

Hakuna sayari iliyozushiwa viumbe kama Mirihi. Kila picha mpya ikitoka huko, hawakosekani watu wa kuonyesha sanamu, mlango wa jiwe au mfupa, na kudai kwamba wanasayansi wanaficha siri. Imani hiyo ni potofu. Kwa karibu miaka 150, kila vyombo vya kutazamia vilipoboreka, viumbe hao wametoweka.

Mwaka 1877 mwanafalaki wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari mirefu juu ya uso wa Mirihi. Percival Lowell, tajiri wa Marekani aliyejenga kituo cha falaki huko Flagstaff mwaka 1894, aliitangaza kuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili ili kuvuta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari. Wengi walimwamini. Mwaka 1903 E. W. Maunder, wa kituo cha falaki cha Greenwich, na mwalimu mkuu J. E. Evans walieleza jaribio lao: wavulana wa shule walipewa mchoro wa Mirihi waunakili. Mchoro haukuwa na mfereji hata mmoja, ila vidoa na alama ndogo zilizotapakaa. Waliokaa karibu walichora vidoa. Waliokaa mbali kidogo, wasiweze kuvitenganisha, walichora mistari iliyonyooka. Hapo uvumi ulistahili kuzikwa. Haukuzikwa hadi Julai 1965, chombo cha Mariner 4 kilipopita jirani na kuleta picha za ardhi kavu yenye mashimo ya vimondo.

Kosa lile lile likarudiwa Julai 1976. Chombo cha Viking 1 kilipiga picha kilima cha eneo la Cydonia jua likiwa limeinama, vivuli vikafanya macho na mdomo. Kilichoonekana kama tundu la pua kilikuwa doa la data iliyopotea. Picha kali zaidi za mwaka 1998 na 2001 zilionyesha kilima cha kawaida, lakini "sura" hiyo ingali inatajwa kama ushahidi.

Hoja ya vipimo vya udongo vya Viking ina uzito zaidi na inastahili jibu. Udongo uliomwagiwa virutubisho ulitoa gesi, kama ambavyo vijidudu vingefanya. Lakini kifaa kingine hakikupata mabaki ya viumbe, na mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta chumvi za pakloreti ardhini. Wanasayansi wengi wanaona kuwa kemia ya udongo huo inatosha kueleza gesi ile.

Hewa ya huko ina mgandamizo usiofikia asilimia 1 ya ule wa Dunia, wastani wa baridi ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, na maji hayadumu juu ya ardhi. Swali lenye maana linahusu vijidudu vya mabilioni ya miaka iliyopita, Mirihi ilipokuwa na mito na maziwa. Mwaka 2024 gari la utafiti la Perseverance lilikuta katika bonde la kale la mto, karibu na kreta ya Jezero, jiwe lenye madoa yanayoweza kuwa yametokana na vijidudu, au na kemia tupu. Kipande chake kimeshachimbwa na kufungiwa kwenye mrija, bado kiko huko. Kukileta maabara ndiko kutakakosogeza mbele suala hili, wala si kukuza picha.